Carina Ti inapiga "tak" moja halafu kimya, ila sio kila siku. Betri mpya, altaneta nzima. Nianzie wapi?

Mwana_Mbagala

Wakuu habari za jioni, naomba msaada kabla sijaendelea kumwaga hela kwa kubahatisha maana naona mfuko unatoboka na gari iko palepale.

Gari ni Carina Ti ya 1999, injini 5A, gia oto. Asubuhi ikiwa imelala inawaka safi kabisa, stata inazunguka kwa nguvu hata sekunde mbili haziishi. Shida inakuja ikishapata moto. Mfano natoka mjini na ile foleni ya Kilwa Road, napita dukani nazima gari nanunua vitu vyangu, nikirudi nageuza funguo nasikia "tak!" moja nzito chini ya boneti basi, injini haizunguki hata kidogo. Taa za dashibodi ziko vilevile, hazififii. Nageuza tena, tak. Tena, tak. Nikigeuzageuza hivyo mara inashika na kuwaka kama vile hamna kilichotokea, na inaweza kupita wiki haijanisumbua mpaka nasahau, halafu inakuja kunidhalilisha sheli watu wako nyuma wanapiga honi.

Fundi wa kwanza alisema betri, nimenunua NS60 mpya, haikubadilisha kitu. Wa pili akasema altaneta, tukapima inatoa 14.1 gari ikiwa sailensa, kwa hiyo ni nzima. Wa tatu anasema ninunue stata nyingine used, wa nne anataka aichomeke kwenye mashine ya kompyuta. Kila nikiwapelekea inawaka, wananiangalia kama nimezua. Na oto husukumi, ikigoma imegoma. Mnanishauri nini?

Chuma_Chakavu

Mkuu usiamini neno mpya kwenye betri. Kuna betri zinakaa dukani mpaka zinachoka zikiwa kwenye boksi. Pima kwanza gari ikiwa imelala masaa kadhaa haijawashwa, ukikuta 12.6 imejaa, 12.4 bado sio mbaya, 12.2 hapo iko nusu na 12.0 kushuka chini hiyo ni ya kuchaji kabla hujalaumu kitu kingine. Halafu angalia vichwa vya betri, ukiona ule unga mweupe au wa kijani mwagia maji ya moto yenye magadi, sugua na brashi ya waya, kaza. Gari nyingi zinazoitwa mbovu shida ni hapo tu.

fundi_wa_nyaya

Mwana_Mbagala umeeleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, kuna mtu anakuja anasema "haiwaki" basi, hujui stata inazunguka ila moto haushiki au haizunguki kabisa, na hayo ni magonjwa mawili tofauti yasiyojuana.

Kwenye stata kuna sauti tatu za kusikiliza. Ukisikia tak-tak-tak-tak ya haraka na taa zinafifia pamoja nayo, umeme ni mdogo, hapo ni betri au vichwa vyake au waya nene. Ukigeuza funguo kimya kabisa hata tak hamna, mara nyingi umeme haufiki kwenye stata, ile waya nyembamba inayoleta amri ya funguo haipati kitu, hapo unatafuta swichi ya funguo, swichi ya gia (ile inayozuia kuwasha gari ikiwa kwenye gia), rilei (swichi inayowashwa na umeme), fyuzi au kazi za watu wa alamu. Ya tatu ndo yako, tak moja nzito na taa hazijali. Hiyo tak ni selenoidi inavuta, yaani ile swichi ya sumaku ya kwenye stata, maana yake amri ya funguo imefika. Na taa kutokufifia maana yake mota ya stata haijala umeme wowote, kwa sababu mota ya stata ikianza kula hata kama imekwama lazima taa zishtuke. Kwa hiyo umeme umefika mlangoni haujaingia ndani.

Stata nyingi za Toyota za miaka hiyo ni Denso zile zenye gia ndani. Ukifungua kile kifuniko cha nyuma cha selenoidi unakuta shaba mbili, moja imeungwa na waya nene ya betri na nyingine inaenda kwenye mota. Ukigeuza funguo kuna planja yenye kisahani cha shaba inakuja kuzigonga zote mbili kwa pamoja, ndo umeme unapita. Kila ukiwasha inapiga cheche kidogo na kula shaba kidogo. Baada ya miaka upande mmoja unakuwa umeliwa kuliko mwingine, mara nyingi ule wa betri, kwa hiyo kisahani kinagusa kimoja na kingine hakifiki au kinagusia pembeni. Siku kikikaa vizuri inawaka, siku kikikaa vibaya tak.

Na kuhusu moto, hiyo sio kubahatisha. Selenoidi ni koili ya shaba na shaba ikipata joto inakataa umeme zaidi. Ikitoka joto la kawaida mpaka kwenye nyuzi mia hivi upinzani wake unapanda zaidi ya robo, kwa hiyo inavuta kwa nguvu pungufu. Stata nzima haijali, ila iliyochoka hapo ndo inajionyesha.

Ila sijasema ununue kitu bado. Tatizo la kuja na kuondoka hulipimi likiwa halipo, ndo maana mafundi wanakuona mzushi. Unaliwekea mtego. Tafuta taa mbili ndogo za volti 12, hata za indiketa, na waya ndefu. Moja ichukue umeme kwenye ile waya nyembamba ya stata, ile inayoandikwa 50. Nyingine ichukue kwenye nati inayotoka selenoidi kuingia kwenye mota, sio ile nati ya waya ya betri, ile nyingine. Upande wa pili wa taa zote peleka hasi ya betri. Kila waya iwekee kafyuzi kadogo, ipitishe mbali na feni na ekzosi, ingiza ndani kupitia dirishani, taa zikae kwenye dashibodi. Wakati wa kuunga toa hasi ya betri kabisa, maana ile nati kubwa ya betri ina umeme masaa yote hata funguo iko mfukoni.

Halafu endesha maisha yako kama kawaida. Siku ikigoma usihangaike kuwasha, geuza funguo shikilia sekunde moja angalia taa. Ya kwanza inawaka ya pili imezima au inamulika kwa mbali sana, ni zile shaba. Zote zimezima, stata haina kosa, rudi nyuma kwenye swichi. Zote zinawaka vizuri na stata imekaa kimya, kaboni za mota, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeisha hazigusi. Ukipata jibu njoo useme.

Mashine ya kompyuta sahau. Kwa gari hiyo haisomi shaba za stata, itakuambia habari za sensa tu na utalipa.

binti_wa_Sinza

Kaka naongezea kidogo, mimi yangu ilikuwa inagoma hivyohivyo kwa kuvizia ila ilikuwa KIMYA kabisa hata tak hamna, nikahangaika nayo sana. Mwisho fundi mmoja mzee akaniuliza alamu uliifunga wapi. Kumbe waliofunga alamu walikata waya ya stata chini ya usukani wakaweka rilei yao, na maungio wamesokota kwa mkono na kuzungushia tepu, yale ya joto likipanda gundi inayeyuka tepu inafunguka. Ukipita kwenye tuta waya inashika, ukipaki inaachia. Ameitoa yote akaunga kwa kuchomelea na risasi, mpaka leo.

Na kwa oto, ikigoma kwenye P jaribu N. Ikiwaka kwenye N jua ni ile swichi ya gia. Kanyaga breki lakini, na hendibreki juu.

fundi_wa_nyaya

Dada umenena. Hizi alamu za mtaani zimenipa mimi kazi kuliko ubovu wa gari zenyewe. Mtu anakata waya nzima ya kiwandani iliyokaa miaka ishirini haina shida anaweka rilei isiyojulikana imetoka wapi.

Likoni_Boy

Wasee wa Dar mko sawa. Mimi niko huku Mombasa na Corolla 110 ya zamani, kwetu shida kubwa ni chumvi, hewa ya bahari inakula chuma mpaka unashangaa. Yangu ilikuwa inapiga tak hivyo tu, na mimi nishasikia hizo story za shaba nikabadilisha, ikatulia kidogo halafu ikarudi. Tukaja kupata ni waya ya ethi, ile inatoka hasi ya betri kwenda kwa bodi na injini. Kwa macho iko sawa, boliti imekaza, ukiifungua chini kuna kutu na rangi, yaani imekaa juu ya rangi. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa nikaweka grisi juu kuzuia maji.

Kupima ni rahisi. Weka mita kwa volti, waya moja kwenye risasi yenyewe ya hasi ya betri, sio kwenye klampu, nyingine kwenye chuma cha injini pahali pasafi. Mtu apige stata. Ikisoma 0.2 kushuka chini ethi ni poa, ikipanda kuliko hapo umeme unapotelea njiani. Toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupeleka petroli) kwanza ndio injini izunguke bila kuwaka upate muda wa kusoma, na usishikilie stata zaidi ya sekunde kumi, ipumzishe.

Chuma_Chakavu

Yote hayo ya nini jamani, taa mbili waya dirishani gari inaonekana kama bomu, askari akimsimamisha je? Nenda Gerezani au Shaurimoyo chukua stata used funga lala. Au ikigoma mpe mtu nyundo agonge stata mara mbili wewe ukiwa umegeuza funguo, inawaka.

fundi_wa_nyaya

Mkuu kugonga kunasaidia siku hiyo kwa sababu planja inatikisika inakaa pengine, kama uko porini fanya tu. Ila kila anayegonga anaishia kupasua kitu. Na tafadhali kuna wale wanaochukua bisibisi wanaunganisha nati ya betri na ile ya 50, msifanye hivyo gari ikiwa kwenye gia, itaruka ikukanyage ulipolala. Na cheche karibu na betri inayotoka kuchajiwa ni hatari, inatoa hewa inayolipuka.

Kuhusu used, stata used ya gari ya 1999 imetoka kwenye gari ya 1999. Shaba zake zimekula miaka ileile. Unaweza bahatika, unaweza nunua ugonjwa wako mwenyewe kwa mtu mwingine. Shaba mpya na planja zinauzwa peke yake maduka ya spea za umeme, bei haikaribii hata kidogo bei ya stata nzima.

Mwana_Mbagala

Wakuu nimerudi. Nilifunga mtego kama alivyosema fundi, mke wangu akaniuliza hizo taa za krismasi ni za nini. Ikakaa siku kadhaa haigomi mpaka nikaanza kudhani nimeiponya kwa kuitisha. Jana mchana jua kali nimetoka Kariakoo nikapaki, kurudi TAK. Taa ya kwanza inawaka kabisa, ya pili hata haimuliki. Nikashikilia tena, vilevile. Nikachukua mita nikaweka kwenye betri nikiwa nimegeuza funguo, betri inasoma 12.5 haishuki, yaani kama sijageuza kitu. Halafu kugeuza tena ikawaka, taa zote mbili zikawaka kwa pamoja.

Na nilivyofika nyumbani nikapima ethi kama alivyosema wa Likoni, 0.6. Hiyo si juu sana? Sasa sielewi ni shaba au ni ethi maana naona majibu mawili.

fundi_wa_nyaya

Una vyote viwili, na hilo ndo jambo la kawaida kwenye gari ya umri huo, watu wanatafuta kosa moja gari ina matatu madogo.

Tak yako ni ya shaba, hapo hakuna ubishi, umeme umefika kwenye 50, haukuvuka kwenda mota. Ile 0.6 haiwezi kukuletea tak kavu na betri iliyosimama 12.5, kwa sababu hiyo 0.6 inaonekana tu stata ikiwa inakula umeme. Ila inaipunguzia stata nguvu kila unapowasha, kwa hiyo itengeneze hukohuko. Ukifanya shaba peke yake itapona ila haitakuwa na ile nguvu yake.

Ukienda kwa fundi simama hapohapo. Atoe hasi ya betri kwanza, na kurudisha hasi iwe ya mwisho, ukianza na chanya spana ikigusa bodi utaona radi. Akifungua kifuniko angalia mwenyewe shaba mbili, utaona moja imechimbika. Asikudanganye apige tupa zilainike zirudi. Shida yake ni kwamba zimeshakuwa fupi, ukipiga tupa unazifupisha zaidi, itawaka wiki mbili halafu unarudi. Weka mpya zote mbili pamoja na planja, kwa sababu kile kisahani chake nacho kimechimbika. Akiwa humo atazame kaboni, zikiwa fupi badilisha kabisa maana stata iko mezani. Na kabla hajafunga, asukume planja kwa kidole, ahakikishe kisahani kinagusa shaba zote mbili kwa wakati mmoja, hapo ndo wengi wanakosea, wanakaza shaba moja imepinda.

binti_wa_Sinza

Piga na picha kabla hajafungua waya zozote kaka, ukumbuke ipi ilikuwa wapi.

Mwana_Mbagala

Wakuu imekamilika jumamosi. Stata ilishuka, tukafungua mezani, shaba ya upande wa betri imeliwa imebaki kama ukucha, ya pili ina afya kabisa. Planja kisahani chake kina alama ya kuungua upande mmoja. Fundi alitaka kweli kupiga tupa, nikamwambia hapana, akanicheka akaniuliza nimesomea wapi. Tukaweka shaba mpya na planja, kaboni zilikuwa bado ndefu tukaziacha.

Ethi sasa. Ile inayoenda kwenye injini ilikuwa imekaa juu ya mafuta na uchafu uliogandamana, na moja ya kwenye bodi ilikuwa chini ya rangi, inaonekana gari ilishapigwa rangi na waliopiga wakafunga boliti juu yake. Msasa, grisi, kaza. Nimepima tena inasoma 0.1. Na sauti ya stata imebadilika, inazunguka kwa haraka mpaka jirani ameuliza kama nimebadilisha injini.

Nimetembea nayo jua lote hili, nazima nawasha kila sehemu makusudi, haijagoma. Taa za mtego nimeziacha kwanza mwezi huu zikae. Likoni_Boy na fundi mbarikiwe, binti wa Sinza nimekagua na alamu, maungio ni ya tepu kama ulivyosema, hiyo nitaifuata mwisho wa mwezi.

Likoni_Boy

Poa sana buda. Hiyo ya rangi juu ya boliti nimeiona gari nyingi za kupigwa rangi upya, watu wanaangalia mng'ao tu.

Mama_Noah_Mbeya

Samahani nadandia uzi. Noah yangu asubuhi za baridi huku inapiga tak-tak-tak ya haraka na taa zinafifia mpaka zinakaribia kuzima, mchana haina shida kabisa. Na mimi nifungue shaba?

fundi_wa_nyaya

Hapana mama, yako ni ya upande mwingine. Taa zikififia ina maana umeme unavutwa na hautoshi, na betri kwenye baridi inapungua nguvu huku oili nayo imekuwa nzito stata inafanya kazi zaidi. Anza na betri ilale usiku bila kuwashwa, asubuhi ipime kabla ya kugusa funguo, halafu shikilia mita hapohapo mtu apige stata. Ikishuka chini ya 9.6 na ulikuwa umeanza na 12.6 betri imechoka. Kama asubuhi unaikuta 12.1 na jioni uliipaki imejaa, kuna kitu kinakunywa usiku. Hapo tunapima kwa ampea, gari ikiwa imefungwa imelala haipaswi kula zaidi ya miliampea 50 hivi. Una alamu?

Mama_Noah_Mbeya

Ninayo. Ya mtaani.

fundi_wa_nyaya

Basi pima kwanza betri, ila hiyo alamu usiitoe akilini.